Dongoli za Leseni na Programu Zinazoziiga: Manufaa na Hatari Zake

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ikishaupita mji wa Mbeya, huingia katika Mkoa wa Songwe na kukatisha kata ya Nanyala, Wilaya ya Mbozi, ulipo mteremko wa Senjele unaojulikana sana kwa madereva wa malori. Kutoka hapo huendelea hadi Vwawa, kisha Tunduma mpakani. Usiku na mchana hupita hapo malori yapelekayo mafuta na bidhaa Zambia na Kongo, na yale yaletayo shaba katika bandari ya Dar es Salaam.

Ayatazamaye kwa nje huona magurudumu, tela na moshi. Lakini lori la kisasa hubeba pia kompyuta ndogo kadhaa ndani yake. Moja hupima mafuta yaingiayo katika injini, nyingine husimamia giaboksi, na nyingine huzuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga breki. Fundi atakaye kujua hitilafu ya lori kama hilo hawezi kutegemea sikio na spana peke yake. Huunganisha kompyuta mpakato na lori kwa waya, kisha hufungua programu maalumu ya uchunguzi. Na mara nyingi programu hiyo haifunguki mpaka kwanza kichomekwe kifaa kidogo kinachofanana na flashi.

Kifaa hicho huitwa dongoli. Hakina kazi nyingine ila kuthibitisha kwamba mtumiaji amelipia leseni ya programu. Dongoli za namna hii hutumiwa pia na wapima ardhi, wahandisi wa migodi, wachora ramani za majengo na mafundi wa mashine za hospitali. Ikipotea au ikiharibika, kazi yote husimama, hata kama kompyuta ni nzima na programu imelipiwa. Hapo ndipo hutokea mtu akasema: iko programu ya bure inayojifanya dongoli, iweke, kazi iendelee.

Je, ushauri huo ufuatwe? Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dongoli ifanyavyo kazi, jinsi programu inavyoweza kuiiga, manufaa ya uigaji huo, na hatari zake kwa fundi, kwa mwenye lori na kwa wapita njia.

DONGOLI ILITOKA WAPI?

Programu ya kompyuta ni mali ya ajabu. Kuitunga huweza kuchukua miaka mingi ya kazi ya watu wengi, lakini kuinakili huchukua dakika chache, na nakala haina upungufu wowote ikilinganishwa na ya kwanza. Mwenye kuuza kiti akikiuza hana tena kiti. Mwenye kuuza programu huweza kukuta nakala moja aliyoiuza imezaa nakala mia.

Ili kuzuia jambo hilo, baadhi ya watunzi waliamua kuifungamanisha programu na kitu kisichonakilika kwa urahisi, yaani kifaa cha kushikika. Mfano wa mwanzo kabisa ulitokea mwaka 1980 nchini Uingereza, katika programu ya kuandikia iliyoitwa Wordcraft, iliyotumiwa katika kompyuta za Commodore PET. Dongoli yake ilichomekwa katika tundu la kinasa sauti cha kaseti, kwa kuwa siku hizo kaseti ndizo zilizotunza kumbukumbu za kompyuta ndogo. Mwaka 1985 ilianzishwa nchini Israel kampuni ya Aladdin, iliyouza dongoli ziitwazo HASP. Na mwaka 1989 ikaanzishwa kampuni ya Wibu-Systems mjini Karlsruhe, Ujerumani. Nchini Marekani kampuni ya Rainbow iliuza dongoli za Sentinel.

Dongoli nyingi za miaka hiyo zilichomekwa katika tundu la printa lenye pini 25. Baada ya USB kutangazwa mwaka 1996, dongoli zikahamia huko, na lile tundu la pini 25 likatoweka polepole katika kompyuta mpya. Katika maabara niliyosomea ng'ambo ilikuwapo kompyuta moja kuukuu iliyohifadhiwa kwa sababu ya tundu hilo tu: kifaa cha vipimo kilichogharimu fedha nyingi kilitegemea dongoli isiyoweza kuchomekwa penginepo.

MAZUNGUMZO KATI YA PROGRAMU NA DONGOLI

Dongoli hufanana na ufunguo, lakini kwa kweli tabia yake ni ya mlinzi aulizwaye neno la siri. Programu huuliza, dongoli hujibu. Jibu likiwa sahihi, programu huendelea na kazi.

Katika dongoli dhaifu kabisa, swali ni lile lile kila siku na jibu ni lile lile. Mtu akisikiliza mara moja mazungumzo hayo katika waya, amekwisha kujua yote. Katika dongoli bora zaidi, programu hubadilisha swali, na dongoli hutafuta jibu kwa kanuni iliyofichwa ndani yake.

Tuchukue mfano mwepesi ambao mwalimu anaweza kuuonyesha ubaoni. Tuseme kanuni ya siri ni hii: zidisha namba uliyopewa kwa 7, ongeza 3, kisha toa tarakimu mbili za mwisho. Programu ikiuliza 25, dongoli hupata 178 na kujibu 78. Ikiuliza 26, hupata 185 na kujibu 85. Mwanafunzi mwerevu aliyeyasikia majibu hayo mawili ataona kwamba swali likiongezeka kwa 1, jibu huongezeka kwa 7. Naye atabashiri kwamba swali la 27 litajibiwa 92. Hakuifungua dongoli wala hakuigusa, lakini amekwisha kuijua siri yake.

Hata kanuni ikiwa ngumu kubashiri, kuna njia nyingine, nayo ni kuuliza maswali yote na kuandika majibu yote katika jedwali. Katika mfano wetu maswali ya tarakimu mbili ni 100 tu, hivyo jedwali huandikwa mara moja. Lakini maswali yakiwa ya biti 32, idadi yake hufikia 4,294,967,296. Mtu akiuliza swali moja kila sekunde bila kupumzika, atamaliza baada ya miaka 136 hivi.

Dongoli za kisasa huenda mbali zaidi. Hutumia kanuni za usimbaji zinazojulikana na wataalamu wote, kama ile iitwayo AES iliyokubaliwa kuwa kanuni rasmi nchini Marekani mwaka 2001, na huficha namba ya siri tu, ambayo haitoki kamwe nje ya kifaa. Fikra hii si mpya. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyefundisha nchini Ufaransa, aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule unaobaki salama hata adui akiijua mashine yote, ili mradi tu haujui ufunguo.

MAANA YA KUIGA MASHINE

Sasa tunaweza kueleza uigaji. Kwa kuwa programu haiioni dongoli bali husikia majibu yake tu, kitu chochote kitoacho majibu yale yale kitakubaliwa. Kitu hicho chaweza kuwa programu nyingine ndani ya kompyuta hiyo hiyo, ambayo hupokea maswali na kuyajibu kama kwamba dongoli imechomekwa. Programu hiyo tutaiita kiigizi. Kiigizi hakibadilishi programu iliyofungwa, huidanganya tu. Kuibadilisha programu yenyewe ili isiulize tena swali lolote ni jambo lingine, ingawa katika soko la magendo mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi.

Isidhaniwe kwamba kuiga mashine ni hila ya wahalifu. Ni mbinu ya heshima na ya zamani katika elimu ya kompyuta, na mfano wake unagusa historia ya nchi yetu. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifungiwa kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, na mwaka 1968 ikaja ICL 1900 kutoka Uingereza. Matatizo ya mitambo hiyo na gharama zake yalichangia uamuzi wa Serikali wa mwaka 1974 wa kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Mwaka huo huo wa 1974 kampuni ya ICL ilitangaza mashine mpya za aina ya 2900, zilizojengwa kwa mpango tofauti kabisa. Wateja wake duniani walikuwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya 1900. Nani angekubali kuzitupa? Kampuni ikatengeneza njia ya kuzifanya mashine mpya zijifanye 1900, na programu za zamani zikaendelea kutumika.

Katika mfano huo mtengenezaji mwenyewe aliiga mashine yake mwenyewe, kwa faida ya wateja wake waliokwisha kulipa. Mbinu ni ile ile ya kiigizi cha dongoli. Kinachotofautiana ni nani anayeiga, kwa haki gani, na kwa ajili ya nani.

MANUFAA

Yapo mazingira ambamo kuiga dongoli ni jambo lenye manufaa ya kweli.

Kwanza, watunzi wa programu wenyewe huhitaji kuzijaribu kazi zao katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na huiga vifaa vya aina nyingi, dongoli zikiwamo, bila ya kulazimika kuvichomeka kimoja kimoja.

Pili, dongoli huchakaa, huvunjika na hupotea. Ni ndogo kama kidole gumba, lakini thamani ya programu inayoilinda huweza kuzidi ya kompyuta mara nyingi. Mtengenezaji akiwa Ulaya na fundi akiwa Nanyala, kusubiri dongoli nyingine ni kusubiri siku nyingi huku lori limesimama. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tatu, watengenezaji nao hawadumu. Kampuni ya Rainbow iliungana na SafeNet mwaka 2004. Aladdin ilinunuliwa mwaka 2009 na baadaye kuunganishwa na SafeNet hiyo hiyo. Mwaka 2015 SafeNet ikaingia mikononi mwa Gemalto, na mwaka 2019 Gemalto ikanunuliwa na Thales ya Ufaransa. Mteja aliyenunua dongoli ya HASP zamani amejikuta, bila kuhama alipo, akiwa mteja wa kampuni baada ya kampuni. Katika mfano huu biashara iliendelea. Lakini mtunzi mdogo wa programu akifunga ofisi yake, dongoli iliyoharibika haina tena mtu wa kuibadilisha, na michoro au vipimo vilivyohifadhiwa kwa programu hiyo huwa kama sanduku lililopotezewa ufunguo.

Nne, siku hizi taasisi nyingi hutumia kompyuta kubwa moja iliyogawanywa kuwa kompyuta nyingi za kufikirika, na kompyuta ya kufikirika haina tundu la kuchomekea kitu. Hapa ipo pia njia ya kuipitisha dongoli halisi katika mtandao, ambayo haiigi chochote. Lakini kampuni nyingine zimeona afadhali kuwapa wateja wao leseni isiyo na kifaa kabisa.

Katika hali zote hizo liko jambo moja la msingi: mtumiaji anayo haki ya kuitumia programu. Haki hiyo imo katika leseni aliyoilipia, wala haimo katika kipande cha plastiki. Kiigizi kinaweza kumrejeshea haki yake mtu aliyekwama. Hakiwezi kumpa haki mtu ambaye hakuwa nayo.

HATARI

Tugeukie sasa hatari, ambazo kwa fundi wa kawaida ni nzito kuliko manufaa.

Hatari ya kwanza imo katika mahali kiigizi kikaapo. Programu za kawaida hukaa katika vyumba vya nje vya mfumo wa kompyuta, na mfumo huzizuia zisigusane ovyo. Lakini kiigizi lazima kijifanye kifaa kilichochomekwa. Kwa hiyo huhitaji kuingia katika kiini cha mfumo, mahali ambapo viendeshi vya vifaa hukaa. Kilichomo katika kiini huweza kusoma kila kinachochapwa, kufungua kila faili, na kujificha kisionekane. Ni sawa na kumpa mgeni ufunguo wa chumba cha ndani kwa sababu tu ameahidi kutengeneza kitasa cha mlango wa nje.

Kwa ajili hiyo mifumo ya Windows ya biti 64, tangu Vista ya mwaka 2007, hukataa kiendeshi cha kiini kisichokuwa na saini ya mtengenezaji anayetambulika. Mtu anayegawa kiigizi bila jina lake hawezi kwa kawaida kupata saini hiyo. Ndiyo maana maelekezo ya viigizi vingi humtaka mtumiaji kwanza auzime ukaguzi wa saini, kisha azime programu ya kuzuia virusi. Msomaji na atafakari: anayemwambia mwenye nyumba aondoe komeo, afunge mbwa, kisha amkaribishe ndani mtu asiyemjua, anamtakia nini? Huenda mgeni huyo ni mwema. Lakini akiwa mwizi, mwenye nyumba hana tena njia ya kujua.

Hatari ya pili ni ya kazi yenyewe. Kiigizi kilichojengwa kwa kunasa majibu hujua majibu yale tu yaliyonaswa. Siku programu itakapouliza swali lisilokuwamo katika jedwali, jibu litakosekana au litakuwa la uongo. Programu ikisimama hapo hapo, ni hasara ndogo. Lakini hebu tufikirie kwamba imesimama wakati fundi anaandika vipimo vipya katika kompyuta ya breki za lori. Kusoma hitilafu ni kama kusoma kitabu: ukikatizwa, kitabu hakidhuriki. Kuandika ni kama kubadilisha ukurasa wake: ukikatizwa katikati, ukurasa wa kale umefutwa na mpya haujakamilika. Kompyuta ya lori iliyoachwa katika hali hiyo huweza kukataa kazi kabisa. Tena huo ni mwisho ulio afadhali, kwa kuwa huonekana. Mwisho ulio mbaya zaidi ni lori kuondoka karakanani likiwa na vipimo visivyo vyake, na kasoro hiyo isijulikane mpaka litakapokuwa limepakia tani nyingi na kuushuka mteremko wa Senjele.

Mambo kama hayo huwapata na watu wa kazi nyingine. Mpima ardhi anayetumia programu ya magendo hawezi kumhakikishia mwananchi kwamba mpaka wa kiwanja chake umehesabiwa sawasawa, kwa sababu hajui nani aliigusa programu na alibadilisha nini. Kipimo kisichoweza kuelezwa kilivyopatikana si kipimo.

Hatari ya tatu ni kukosa matengenezo, na hapa haki inatutaka tuseme kwamba hata dongoli halali zina kasoro. Mwezi Januari 2018 wachunguzi wa kampuni ya Kaspersky ya Urusi walitangaza kasoro 14 katika programu ya kusimamia leseni inayofuatana na dongoli za Sentinel. Ilionekana kwamba mtu akichomeka dongoli hiyo, mlango wa mtandao wenye namba 1947 hufunguliwa katika kompyuta, na hubaki wazi hata baada ya dongoli kuchomolewa. Mwezi Septemba 2020 kampuni ya Claroty nayo ilitangaza kasoro 6 katika programu ya CodeMeter ya Wibu-Systems, inayotumiwa katika viwanda vingi duniani. Katika matukio yote mawili watengenezaji walitoa masahihisho, na mteja mwenye leseni aliweza kuyapata. Mwenye kiigizi hana pa kuuliza. Zaidi ya hayo, mara nyingi hukatazwa kuipeleka programu yake katika toleo jipya, maana toleo jipya litauliza maswali mapya; kwa hiyo hukaa na kasoro za zamani miaka yote.

Hatari ya nne ni kwa taifa. Wanafunzi wanaosoma jarida hili, baadhi yao watakuwa watunzi wa programu: za hesabu za vyama vya ushirika, za mizani, za zahanati. Nchi iliyozoea kwamba programu ni kitu cha kuchukuliwa bure haitakuwa na soko la kuwalipa vijana wake wenyewe.

SHERIA YASEMAJE?

Nchini Tanzania Bara, programu za kompyuta hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar inayo sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu, na inakataza pia kumiliki au kushughulika bila uhalali na kifaa, ikiwamo programu, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa. Kwa hiyo anayeuza viigizi ili watu wasinunue leseni yumo hatarini, na anayevinunua hawezi kujitetea kwamba yeye ni fundi tu.

Nchi nyingine zimejaribu kumtofautisha mwizi na mtu aliyekwama. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kinga za kielektroniki za kazi zenye hakimiliki. Lakini mwaka 2003, na tena mwaka 2006 na 2010, ulitolewa msamaha kwa programu zilizofungwa na dongoli iliyoharibika na iliyopitwa na wakati, yaani ile isiyotengenezwa tena wala kupatikana ya kuibadilisha sokoni. Msamaha huo haukuwa wa kudumu. Ulitolewa kwa kipindi maalumu. Tena ulimhusu mtumiaji, wala haukuruhusu biashara ya kuuza zana za kuvunjia kinga. Funzo lake kwetu ni masharti yake: dongoli iwe imeharibika kweli, na pasiwepo njia ya kawaida ya kupata nyingine.

NINI KIFANYIKE?

Tahadhari kabla ya hatari. Fundi, shule, ofisi ya halmashauri au kampuni inayotegemea programu yenye dongoli inashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

1. Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe maswali matatu: dongoli ikiharibika itabadilishwa kwa siku ngapi na kwa bei gani? Kampuni ikifungwa, mteja atapata njia gani ya kuendelea? Na je, iko leseni isiyohitaji kifaa? Majibu yaandikwe katika mkataba. Panapokuwa na leseni ya kupitia intaneti, iulizwe pia itafanyaje mtandao ukikatika.

2. Namba ya dongoli, hati ya leseni na stakabadhi ya malipo zihifadhiwe mahali mbali na dongoli yenyewe. Bila ya hizo ni vigumu kuthibitisha haki.

3. Dongoli ikianza kusumbua, isingojewe ife. Watengenezaji wengi hukubali kuibadilisha kwa sharti ile ya zamani irudishwe, lakini iliyopotea huhesabiwa kuwa leseni iliyopotea.

4. Programu ya zamani isiyo na mtengenezaji tena iachwe katika kompyuta yake ya zamani, isiyounganishwa na mtandao, na kazi zilizomo zihamishiwe katika miundo mingine ya faili mapema, kompyuta ingali hai.

5. Panapohitajika kiigizi kwa kweli, ruhusa iombwe kwa maandishi kwa mwenye programu, na kiigizi kitoke kwake au kwa mtu anayejulikana na anayeweza kuwajibika. Kisiwekwe kamwe katika kompyuta inayoandika vipimo vya breki, vya dawa au vya mashine yoyote inayoweza kuua.

6. Ichunguzwe kama ipo programu huria ya kazi hiyo. Kwa ramani, kwa mfano, iko QGIS, iliyoanza mwaka 2002, ambayo haina dongoli wala ada. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam walichora ramani za mitaa inayokumbwa na mafuriko kwa kutumia zana huria za namna hiyo. Hata katika malori, zipo hitilafu nyingi zinazosomwa kwa lugha ya pamoja iitwayo J1939, na vifaa vya kuisoma huuzwa na watengenezaji mbalimbali bila kufungwa na kampuni moja.

Kwa muhtasari, uigaji ni chombo kama patasi: hujenga na hujeruhi. Mwenye leseni aliyekwama anastahili njia ya kuendelea na kazi, na ni haki watengenezaji na watunga sheria wamfikirie. Lakini kwa fundi aliyesimama kando ya barabara ya Tunduma, mwenye lori la mtu mwingine mbele yake na programu isiyojulikana ilikotoka mkononi mwake, jibu la kisayansi ni kutoiandika programu hiyo katika breki. Asichoweza kukithibitisha fundi, dereva atakithibitisha mteremkoni.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Dongoli moja inatumia kanuni ya aina ile iliyoelezwa juu: huzidisha, huongeza, kisha hutoa tarakimu mbili za mwisho. Ilipoulizwa 10 ilijibu 57. Ilipoulizwa 11 ilijibu 62. Na 12 ilijibu 67. Tafuta kanuni yake, kisha ubashiri jibu la 30. Kwa nini maswali mawili tofauti yamepata jibu moja? Je, jambo hilo huifanya kazi ya mwigaji kuwa rahisi au ngumu zaidi?

2. Dongoli nyingine hupokea maswali ya biti 16, yaani 65,536 kwa jumla. Kwa swali moja kila sekunde, jedwali lote litajazwa kwa muda gani? Linganisha na ile ya biti 32.

3. Jadilianeni darasani: shule imenunua programu yenye dongoli, kampuni iliyoiuza imefungwa, na dongoli imevunjika. Ni hatua zipi zichukuliwe, kwa mpangilio gani, na kwa sababu gani?